Mdogo Kuliko Wote Darasani: Wasiwasi wa Wazazi wa Pumwani na Hesabu ya Umri Shuleni

Shule zinapokaribia kufunguliwa mwezi wa Januari, wazazi wengi wa Pumwani huwa wamekwisha kuhangaika na swali ambalo halimo katika fomu yoyote ya kumwandikisha mtoto: je, mtoto aliyetimiza miaka minne juzi tu, au ambaye bado miezi kadhaa aitimize, aingie darasani mwaka huu pamoja na wenzake wanaomzidi kwa miezi kumi au mwaka mzima, au asubiri hadi mwaka ujao? Kwa asiye na mtoto wa umri huo jambo hili laweza kuonekana dogo, kwa kuwa miezi michache si kitu katika maisha ya mtu mzima. Lakini katika mfumo wa elimu ambapo mtoto hupangiwa darasa na kupanda kila mwaka pamoja na kundi lile lile, uamuzi wa siku moja humwekea mahali pake miongoni mwa wenzake kwa muda wa miaka 14, kuanzia mwaka wa kwanza wa chekechea, uitwao PP1, hadi Gredi ya 12. Wasiwasi wa mzazi, basi, una msingi, na unastahili kujibiwa kwa hoja badala ya kupozwa kwa maneno matamu.

Katika Pumwani mambo mawili yanayoliunda suala hili, yaani kuzaliwa na kulelewa karibu karibu, yana historia ndefu. Serikali ya kikoloni iliuanzisha mtaa huu mwanzoni mwa miaka ya 1920 uwe makao rasmi ya Waafrika wa Nairobi, ikakusudia kuwahamishia huko wakazi wa vijiji vya awali vya mji, na mwishoni mwa miaka ya 1930, Pangani, kimojawapo cha vijiji hivyo, ilipobomolewa, wengi wa wakazi wake wakahamia Shauri Moyo iliyo jirani. Mwaka 1926 kilifunguliwa kituo cha kujifungulia kilichopewa jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa wakati huo, ambacho leo ndicho Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, mojawapo ya hospitali kubwa kabisa za uzazi kusini mwa Sahara. Katika nyumba za Majengo, ndani ya Pumwani, ambamo familia kadhaa hupanga vyumba chini ya paa moja na watoto wa rika zote hucheza katika ua mmoja, mzazi hawezi kuukwepa ulinganishi: mtoto wa chumba cha pili akianza kuvaa sare, wa chumba cha tatu naye hudai begi, na mama yake huulizwa na majirani anamsubirisha wa nini.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Wakichukuliwa watoto wawili waliozaliwa katika hospitali hiyo mwaka mmoja, mmoja siku za kwanza za Januari na mwingine siku za mwisho za Disemba, kisha wote wawili wakaingizwa PP1 Januari ya mwaka ambao wanahesabiwa kuwa watoto wa miaka minne, wa kwanza atakuwa ametimiza miaka minne na wa pili atakuwa ndiyo kwanza ametimiza mitatu, maana yake yule mkubwa ameishi theluthi moja zaidi ya mwenzake. Katika mwaka huo mmoja wa ziada mtoto hujifunza mamia ya maneno, huanza kushika penseli kwa vidole badala ya kuikamata kwa kiganja, hujifunga vifungo, huomba ruhusa ya kwenda msalani kabla mambo hayajaharibika, na huweza kukaa akasikiliza hadithi hadi mwisho. Mdogo hajashindwa lolote kati ya hayo, hajafika tu. Wawili hao wakiingia Gredi ya 9 pengo ni lile lile la mwaka, lakini sasa ni mwaka mmoja katika miaka kumi na minne, na uzito wake umepungua sana.

Wataalamu huita jambo hili athari ya umri linganishi, wakimaanisha faida au hasara anayoipata mtoto kutokana na kuwa mkubwa au mdogo kuliko wenzake wa kundi moja, mbali na akili au bidii yake. Utafiti unaotajwa sana ni ule wa Kelly Bedard na Elizabeth Dhuey, uliochapishwa mwaka 2006, ambao ulilinganisha alama za wanafunzi wa mataifa mengi yaliyoendelea kiviwanda na kuonyesha kwamba, iwapo watoto mia wangepangwa kwa mstari kufuatana na alama zao, wale wadogo zaidi wa darasa la nne wangekuwa nyuma ya wale wakubwa zaidi kwa nafasi 4 hadi 12, na wa darasa la nane kwa nafasi 2 hadi 9. Pengo hupungua kadiri mtoto anavyokua, lakini haliishi upesi kama watu wanavyodhani, na sababu yake haiko mwilini peke yake: aliyeonekana hodari akiwa na miaka sita hupewa kitabu kigumu zaidi, huitwa ubaoni mara nyingi zaidi, hujiona mwenye uwezo na hujibidiisha, wakati aliyeonekana mzito huanza kuamini kwamba ndivyo alivyoumbwa. Michezoni hali ni hiyo hiyo. Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba timu za vijana za mpira wa magongo wa barafuni nchini Kanada zilijaa wachezaji waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka, kwa sababu vikundi vya umri vilikatwa Januari mosi, na kwa kuwa mashindano ya vijana ya FIFA nayo hukata umri tarehe hiyo hiyo, makocha wa watoto katika viwanja vya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, wana kila sababu ya kutazama mwezi wa kuzaliwa kabla ya kumwambia mtoto kwamba hana kipaji.

Hatari kubwa zaidi kuliko ya alama ni ya kusomwa vibaya na watu wazima. Katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, ambako mwaka wa shule hukatwa tarehe 31 Disemba, watafiti walipitia kumbukumbu za watoto zaidi ya laki tisa, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 wakaeleza kwamba wavulana waliozaliwa Disemba walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 30 kuliko waliozaliwa Januari wa kuambiwa na madaktari kwamba wana ADHD, yaani hali ya mtoto kushindwa kutuliza mwili na fikra kiasi cha kuzuia masomo yake, na kwa wasichana tofauti hiyo ilifikia asilimia 70. Hakuna ugonjwa unaochagua mwezi wa kuzaliwa kwa namna hiyo. Kilichotokea ni kwamba utoto wa kawaida wa mtoto mdogo ulipimwa kwa kipimo cha mkubwa, ukapewa jina la maradhi, na baadhi ya watoto wakaandikiwa dawa. Nchini Kenya ni nadra mtoto wa mtaa kufikishwa kwa daktari kwa sababu hiyo, lakini maneno ya darasani na nyumbani, kwamba huyu ni mtundu, huyu ni mvivu, huyu kichwa chake kigumu, hufanya kazi ile ile bila cheti cha daktari, nayo hayana dawa ya kuyaachisha.

Hapo ndipo mambo ya Nairobi yanapoanza kutofautiana na ya Kanada. Tafiti nyingi za umri linganishi zilifanywa katika nchi ambazo darasa zima lina watoto waliozaliwa ndani ya miezi 12, kwa sababu sheria zao zina tarehe ya kukatia, yaani siku moja inayoamua nani aingie mwaka huu na nani asubiri. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inasema mtoto aliyefikisha miaka minne asinyimwe nafasi katika taasisi ya elimu ya msingi, lakini haikutaja mwezi wala tarehe ya kufanyia hesabu hiyo, na hivyo mkuu wa shule mmoja hutaka miaka minne iwe imetimia siku ya kufungua, mwingine huridhika ikiwa itatimia kabla ya mwaka kwisha, na mwingine hutazama tu urefu wa mtoto na utayari wa mzazi kulipa. Upande wa pili darasa hupokea pia waliochelewa: aliyekuwa akilelewa na nyanya yake mashambani akaletwa mjini baadaye, aliyekosa karo akakaa nyumbani mwaka mmoja, aliyerudishwa darasa, aliyekosa cheti cha kuzaliwa. Elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure Januari 2003, wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka chini ya milioni sita hadi zaidi ya milioni saba, na wengi wa walioingia walikuwa wamepita umri. Mfano unaokumbukwa na wote ni wa Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza karibu na Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Kwa hiyo mtoto mdogo kuliko wote katika darasa la Pumwani huenda hazidiwi kwa miezi kumi na mmoja tu, bali kwa miaka miwili au mitatu, na anayekaa naye dawati moja huenda anakaribia kubalehe.

Janga la UVIKO-19 lilizidisha mchanganyiko huo. Shule zilifungwa Machi 2020, madarasa yote yakarejea Januari 2021, na ili kufidia muda uliopotea, mwaka wa masomo wa 2021 ulianza Julai, wa 2022 ukaanza Aprili, na kalenda ikarudi Januari mwaka 2023. Ndani ya miezi 18, basi, milango ya PP1 ilifunguliwa mara tatu, na mzazi aliyeona mtoto wake ni mdogo mno Aprili 2022 alihitaji kusubiri miezi tisa tu badala ya mwaka mzima. Waliofahamu hesabu hiyo waliitumia. Wengi hawakuelezwa na mtu.

Lazima pia kueleweka kwa nini mzazi wa Pumwani humharakisha mtoto, kwa kuwa lawama zinazomwangukia mara nyingi hazimtendei haki. Anayeuza mitumba katika soko la Gikomba huamka kabla ya alfajiri ili awahi kuchagua nguo bale linapofunguliwa, na mtoto wa miaka mitatu hawezi kupelekwa katika msongamano ule wa mikokoteni na magari. Anaweza kuachwa katika kituo cha kulelea watoto, ambacho wakazi hukiita deikea, na ambacho mara nyingi ni chumba kimoja chenye mlezi mmoja na watoto wengi, kinacholipwa kila siku. Au anaweza kupelekwa shule, ambako atakuwa na mwalimu, kitabu, wenzake na chakula. Tangu mwaka 2023, Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipoanzisha mpango wa Dishi na County, ambao mzazi huchangia shilingi 5 kwa mlo wa mchana, hoja ya chakula peke yake inatosha kuushinda ushauri wowote wa mtaalamu wa malezi. Shule ndogo za kibinafsi za mtaani nazo, zile ambazo Wizara ya Elimu huziweka katika kundi la watoa elimu mbadala lijulikanalo kama APBET, huendeshwa kwa karo, na baadhi yao huwa na darasa la watoto wachanga zaidi liitwalo bebi klasi, ambamo mtoto wa miaka miwili na nusu hupokelewa bila maswali mengi. Kisha kuna fahari, ambayo si dhambi: mama aliyeachia shule njiani hufurahi kusikia kwamba wake anajua kuandika jina lake kabla ya wenzake.

Wanaosita nao wana sababu. Mtoto mdogo husukumwa kwenye foleni ya chakula, hulala mezani saa tano, hulia akiachwa langoni, na akichelewa kuandika huachwa nyuma na ubao uliokwisha kufutwa. Lakini hofu kubwa ya wazazi ni ya miaka ya mbele, na nchini Kenya hofu hiyo imewahi kugeuza sera ya taifa. Mtaala wa Umilisi, CBC, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 badala ya mfumo wa 8-4-4 wa tangu 1985, uliitenga miaka mitatu ya Gredi ya 7 hadi ya 9 kuwa sekondari ya chini, na mpango wa awali ulikuwa watoto hao wahamie katika shule za sekondari. Mwaka 2022, kundi la kwanza lilipokaribia kuvuka, wazazi walilalamika kwamba watoto wa miaka 12 na chini ya hapo wangepelekwa kuishi mabwenini na vijana wa miaka 17 na 18, na jopo la marekebisho ya elimu lililoundwa na Rais na kuongozwa na Profesa Raphael Munavu likapendekeza madarasa hayo yabaki katika shule za msingi, kama ilivyotekelezwa Januari 2023. Uamuzi huo ulileta matatizo yake ya maabara na walimu, lakini kwa upande wa umri wazazi walikuwa sahihi, na ni vizuri kwamba walisikilizwa.

Hesabu ya mbele huonyesha pia gharama ya kumwingiza mtoto kabla ya wakati. Aliyeingia PP1 akiwa na miaka mitatu na mwezi mmoja atafanya tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, KPSEA, kabla ya kutimiza miaka 11, atafanya ile ya Gredi ya 9, KJSEA, kabla ya kutimiza 14, na ataondoka nyumbani kwenda Gredi ya 10, pengine katika shule ya bweni ya kaunti nyingine, akiwa ndiyo kwanza ameingia mwaka wake wa kumi na tano. Akihitimu Gredi ya 12 atakuwa hajatimiza miaka 17, na kwa kuwa kitambulisho cha taifa hutolewa kwa aliyefikisha 18, atakaa zaidi ya mwaka bila hati inayodaiwa karibu kila mahali anapoomba kazi. Mwaka uliookolewa mwanzoni, basi, hupotezwa mwishoni, na hupotezwa katika umri ambao kijana asiye na shughuli mtaani hukabiliwa na vishawishi vikubwa kuliko vya mtoto wa miaka mitatu. Ikumbukwe pia kwamba katika kumpangia mwanafunzi nafasi ya Gredi ya 10, KPSEA hubeba asilimia 20 ya alama, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA asilimia 60, maana yake alichokiandika mtoto akiwa na miaka kumi hubaki kikihesabiwa miaka mitatu baadaye, na hakuna safu katika matokeo inayosema alikuwa na miezi mingapi siku ile.

Je, dawa ni kumsubirisha? Hapa ushahidi haumpi mzazi jibu jepesi. Sandra Black, Paul Devereux na Kjell Salvanes, walipochunguza kumbukumbu za Norwei katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, walitenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa, yaani umri wa kuanza shule na umri wa kufanya mtihani, wakakuta kwamba sehemu kubwa ya kile kinachoitwa hasara ya kuanza mapema hutokana na mtoto kupimwa akiwa mdogo, na kwamba katika mapato ya watu wazima tofauti ilikuwa imekwisha kufikia umri wa miaka 30 hivi. Watoto wa Ufini huanza darasa la kwanza wakiwa na miaka saba na hawaharibikiwi, lakini kabla ya hapo huwa katika chekechea za umma zenye walimu waliosomea kazi hiyo, si katika chumba cha kupanga wakimsubiri mama arudi sokoni. Ndiyo maana swali la mzazi wa Majengo haliwezi kujibiwa kwa mfano wa Ulaya: kinacholinganishwa si darasa na utulivu wa nyumbani, bali darasa na chochote kile ambacho mtoto atakuwa akikifanya mwaka huo wa kusubiri.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake juu ya jambo hilo. Katika miaka ya 1980, kwa ombi la Waislamu wa Pwani, Wakfu wa Aga Khan ulisaidia kuanzishwa Mombasa kwa mpango wa chekechea za madrasa, ulioongozwa na Bi Swafiya Said, ambao uliunganisha masomo ya dini na michezo, nyimbo, hesabu na vifaa vilivyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani, na ukaenea hadi Zanzibar na Uganda. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 na Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg ilionyesha kwamba watoto waliopitia chekechea walikuza uwezo wa kufikiri zaidi kuliko waliobaki nyumbani, na waliopitia zile za madrasa wakazidi. Mtoto wa miaka minne, kwa hiyo, hufaidika kwa kuwa mahali panapomchezesha na kumzungumzisha, na akiwekwa mbele ya ubao na daftari la mistari hafaidiki kwa kiasi hicho, hata kama jina la mahali pote pawili ni shule.

Wakazi wa Pumwani wana mfano mwingine ulio karibu zaidi, nao ni chuo cha Kurani. Mtoto hutiwa chuoni akiwa mdogo, wakati mwingine akiongozana tu na dada au kaka yake, na hakuna anayeuliza yuko darasa gani: wa miaka mitano huketi kando ya wa miaka kumi, kila mmoja ana sehemu yake anayoidurusu, kila mmoja husogea mbele ya mwalimu akasomeshwa pale alipofikia, na aliyeimudu hupewa nyingine bila kumngoja mwenzake wala kumkimbiza. Wakubwa huwasikiliza wadogo. Aliyechukua miaka miwili kufika pale ambapo mwingine alifika kwa mwaka mmoja hakuitwa aliyeanguka, kwa sababu hakukuwa na mtihani wa siku moja wa kumwangusha. Isisemwe kwamba vyuo vilikuwa na wema mtupu, kwani bakora ilitumika na wengi walikariri wasichokielewa. Lakini katika jambo hili moja la umri, utaratibu wa chuo uliujua ukweli ambao shule ya kisasa, yenye kengele na madarasa ya mwaka, imeusahau, kwamba watoto hawaivi siku moja.

Utaratibu kama huo unawezekana hata shuleni, na ushahidi wake umo humu humu nchini. Kuanzia mwaka 2005, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule 121 za msingi za magharibi mwa Kenya ambazo ziliongezewa mwalimu mmoja wa darasa la kwanza. Katika nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa bahati nasibu, na katika nusu nyingine waligawanywa kulingana na kiwango walichokuwa nacho. Pale walipogawanywa kwa kiwango, wenye nguvu na wanyonge wote walisonga mbele zaidi, kwa sababu mwalimu aliweza kuanzia mahali watoto wake walipo. Somo kwa mzazi wa mtoto mdogo ni kwamba anachokihitaji mwanawe ni mwalimu anayejua yuko wapi, na kwamba mwaka wa ziada nyumbani si mbadala wa mwalimu huyo. Hilo ni gumu katika darasa lenye watoto sitini, bila shaka, lakini hata hapo mwalimu anayejua kwamba watano kati yao hawajafikisha miaka minne na nusu anaweza kuwaketisha mbele, kuwapa kuchora badala ya kunakili, na kuwaacha walale nusu saa mchana bila kuwaona wavivu.

Kumrudisha mtoto darasa, ambako wazazi wengi hukufikiria mtoto akishaonekana kulemewa, kunapaswa kuwa jambo la mwisho. Sheria ya 2013 hairuhusu mwanafunzi azuiwe kupanda darasa, na busara iko upande wa sheria, kwa sababu mtoto huona wenzake wakivuka naye akibaki na wadogo zake, na aibu hiyo hukaa. Sheria hiyo hiyo inazikataza shule za umma kumfanyia mtoto mtihani wa kumkubali au kumkataa, isipokuwa ule wa kumpangia mahali panapomfaa, na hivyo intavyuu ambazo shule kadhaa za Nairobi huwapa watoto wa miaka minne, zikiwataka wasome sentensi ili wapate nafasi PP1, hazina nafasi katika shule ya umma na hazina maana ya kielimu katika shule yoyote. Na ikiwa mwalimu atasema mtoto ana tatizo la kujifunza, mzazi ana haki ya kuuliza kwanza kama amelinganishwa na watoto wa miezi yake, kisha, shaka ikibaki, kumpeleka katika kituo cha tathmini ya elimu, EARC, mojawapo ya vile vilivyoanzishwa na Wizara ya Elimu kuanzia mwaka 1984 kwa ajili ya kupima mahitaji maalumu ya watoto. Si kila kuchelewa ni umri. Macho mabovu na masikio yasiyosikia vizuri nayo hujificha nyuma ya udogo.

Uamuzi wa haki, kwa kuutazama ushahidi huu wote pamoja na maisha ya mtaa yalivyo, ni kwamba mtoto asiingizwe PP1 kabla ya kutimiza miaka minne, hata shule ikikubali na hata jirani akicheka. Na kwamba aliyekwisha kutimiza miaka minne, hata kama atakuwa mdogo kuliko wote, apelekwe, mradi darasa lenyewe ni la kucheza na kuzungumza. Kaunti, ambayo Katiba ya 2010 iliikabidhi chekechea na malezi ya watoto wadogo, iwajengee walio chini ya umri huo vituo vya kulelea vilivyo salama karibu na Gikomba na masoko mengine, ili mama asilazimike kumtumia mwalimu kama yaya. Wakuu wa shule waagize mwezi na mwaka wa kuzaliwa uandikwe kando ya jina la kila mtoto katika rejesta ya darasa, jambo lisilogharimu hata shilingi. Na mzazi, atakapomfikisha mtoto langoni siku ya kwanza ya muhula akiwa na kijitabu cha kliniki au cheti cha kuzaliwa mkononi, asikiache katika faili la ofisini pekee. Amtafute mwalimu wa darasa, amwonyeshe tarehe ile, na amwambie kwa heshima kwamba huyu ni wa Novemba.